Mikono Yako Ifanye Nini Unapozungumza? Mwongozo wa Kutumia Ishara

Karibu kila anayesimama mbele ya watu hujiuliza: mikono niiweke wapi? Dakika tano kabla, akipiga soga na mwenzake mlangoni, swali hilo hakuwa nalo. Mikono ilikuwa ikipanda na kushuka yenyewe, ikichora, ikionyesha, ikihesabu. Alipoitwa mbele tu, ikawa mizito.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Ishara si pambo la kubandikwa juu ya hotuba iliyokwisha kuandikwa. Ni sehemu ya kufikiri kwenyewe. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walichapisha utafiti kuhusu watu waliozaliwa bila kuona. Watu hao hawajapata kuuona mkono wa msemaji hata mara moja, lakini walipozungumza walitumia ishara, hata pale walipojua kwamba anayewasikiliza naye haoni. Na yeyote anayeongea na simu huku akitembea chumbani anajua jinsi mkono ulio huru unavyomfafanulia mambo mtu asiyeweza kuuona. Kwa hiyo kazi yako kubwa si kujifunza ishara mpya. Ni kuiachilia mikono ifanye inachokijua, kisha uisaidie ifanye kwa wakati unaofaa na kwa ukubwa unaofaa.

Kuna jambo moja la kuondoa njiani kwanza. Utaambiwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano hubebwa na mwili na sauti, na maneno hubeba asilimia 7 tu. Hesabu hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyochunguza namna watu wanavyokisia hisia za msemaji, kama anapenda au hapendi, pale neno linaposema hivi na sauti au uso ukasema vile. Hayakuhusu hotuba, somo wala kikao cha kazi. Kama ingekuwa kweli kwa mazungumzo yote, ungetazama taarifa ya habari kwa lugha usiyoijua na kuielewa karibu yote. Andaa maneno yako vizuri. Mikono haiwezi kuokoa hotuba isiyo na la kusema.

1. Jitazame kwanza

Weka simu mahali pametulia, ikuone kuanzia kichwani hadi magotini, na uwashe video. Kisha mweleze mtu, mtu halisi aliyeketi mbele yako, jambo linalohitaji ufafanuzi: jinsi ya kufika mahali, jinsi mashine fulani inavyofanya kazi, jinsi bao lilivyofungwa. Dakika tatu zinatosha. Usiifikirie mikono.

Video hiyo itazame bila sauti. Utaona miondoko ya aina mbili. Kuna inayosema kitu: kiganja kinachopanda unapoeleza kupanda, kidole kinachoelekeza njia. Na kuna isiyosema kitu: kujikuna shingo, kuzungusha pete, kuvuta mkono wa shati, kubofyabofya kalamu. Wanasaikolojia Paul Ekman na Wallace Friesen walitenganisha miondoko ya namna hii mwaka 1969, na kwangu hii ndiyo tofauti muhimu kuliko zote katika somo hili. Aina ya kwanza inamhudumia msikilizaji. Ya pili inakutuliza wewe mwenyewe, nayo huzidi unapokuwa na wasiwasi. Andika kila tabia ya aina ya pili unayoiona, lakini usianze kupambana nayo bado.

Sasa rudia kutazama, safari hii ukiwa na sauti. Tafuta mahali pamoja ambapo mkono na neno vilifika pamoja na maana ikakaa sawasawa. Hicho ndicho kipimo chako. Usijipime kwa msemaji maarufu uliyemwona akizungusha mikono jukwaani. Wapo watu ambao mikono yao husema mengi na wapo ambao husema machache, na wa pande zote mbili wanaweza kueleweka vizuri kabisa.

2. Ipe mikono makao

Mkono unaotoka lazima uwe na mahali pa kurudi. Ukiwa umesimama, yapo makao mawili yanayofaa: mikono ikining'inia ubavuni, au viganja vikigusana kidogo usawa wa tumbo, viwiko vimekunjwa bila kubanwa. Makao ya kwanza huleta hisia mbaya mwanzoni, kama vile mikono imerefuka, lakini anayekutazama anaona mtu aliyetulia tu. Makao ya pili ni mepesi kwa anayeanza kwa sababu mikono iko karibu na mahali itakapofanyia kazi.

Epuka makao yanayoifunga mikono: vidole vilivyofumana, mikono iliyokunjwa kifuani, iliyofichwa mgongoni au mfukoni, au inayong'ang'ania ukingo wa meza. Watu wengi husema kukunja mikono kifuani ni dalili ya kujihami au dharau. Huenda ni baridi tu. Sababu yangu ya kuyakataa makao hayo ni nyepesi zaidi: mkono uliofungwa hauwahi. Wazo likija, unabaki umejifunga, na ishara iliyokuwa izaliwe inafia hapo.

Miguu nayo iwe mbali kwa upana wa nyonga, uzito ukigawanyika sawa. Macho hayana pazia. Ukiyumba kutoka mguu huu hadi ule, watu watatazama kuyumba kwako.

3. Chagua maneno yanayostahili mkono

Chukua maelezo utakayotoa na uyapitie kwa kalamu. Pigia mstari maneno ambayo yangefaidika na mkono. Usipigie mstari kila sentensi. Nyingine zinatosha zenyewe. David McNeill, mtafiti wa ishara, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aligawa ishara za mazungumzo katika aina nne, na mgawanyo huo unasaidia sana kujua unatafuta nini.

Ishara ya picha huonyesha kitu chenyewe: ukubwa, umbo, mwendo. Unaposema bomba lilikuwa limepinda, mkono unapinda. Unaposema mlango ulifunguka taratibu, kiganja kinafunguka taratibu. Ubora wa ishara hii uko katika kubeba kile ambacho neno limekiacha. Ukisema "alipanda" huku vidole vikikwea kwa kushikilia, msikilizaji ameshajua kwamba hakutumia ngazi wala lifti, ingawa hukutamka. Kwa hiyo unapopigia mstari, jiulize: neno langu limeacha nini nje? Kasi? Upande? Umbali? Hicho upe mkono. Ishara inayorudia tu neno, kama kugusa moyo kila unaposema moyo, haimwongezei mtu chochote.

Ishara ya wazo hulichukua jambo lisiloonekana na kulitendea kama kitu kinachoshikika. Unasema "kwa upande mmoja" na kiganja kimoja kinakaa, "kwa upande mwingine" na cha pili kinakaa. Unaeleza mpango uliovunjika, mikono inaachana. Unaeleza maoni yaliyokaribiana, inakaribiana.

Ya tatu ni kuonyesha mahali, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Kuonyesha si lazima kitu kiwepo. Unaweza kukipanga hewani. Tuseme unaeleza mgogoro kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Unapomtaja mwenye nyumba mara ya kwanza, mweke upande wako wa kulia kwa kiganja kilichofunguka. Mpangaji mweke kushoto. Kuanzia hapo, kila mmoja anakaa alipo. Barua iliyotumwa inasafiri kutoka kulia kwenda kushoto. Malipo yanarudi kutoka kushoto kwenda kulia. Msikilizaji anapata ramani bila kuchorewa chochote ubaoni, na hata ukisema "huyu" au "yule" anajua ni nani. Sharti ni moja: usiwahamishe. Msemaji aliyemweka mpangaji kushoto kisha akamtaja huku akionyesha kulia amewapoteza watu, na wao wenyewe hawatajua ni nini kilichowachanganya.

Wakati hupangwa vivyo hivyo. Kwa watu wanaosoma kutoka kushoto kwenda kulia, kilichotangulia hukaa kushoto. Lakini kumbuka wamekukabili: kushoto kwao ni kulia kwako. Kwa hiyo mwanzo wa kisa uweke upande wako wa kulia na usogee kuelekea kushoto kwako. Mwanzoni mikono itakataa. Fanya zoezi hilo polepole. Na si kila jamii huuona wakati kwa namna moja. Waaymara wa milima ya Andes, Amerika Kusini, wanapozungumzia yaliyopita, huonyesha mbele yao, na yajayo huyaonyesha mgongoni.

Ya nne ni pigo: mkono unaoshuka kidogo kusisitiza neno. Pigo halina picha ndani yake. Likija mahali pachache, linaipa sentensi mgongo. Likija kwenye kila neno, halisisitizi tena chochote. Kama video yako imejaa mapigo, usiyazuie. Badilisha baadhi yake yawe ishara za picha, na idadi itapungua yenyewe.

Kuhesabu kwa vidole ni jambo dogo ila linaharibiwa mara nyingi. Inua mkono hadi usawa wa kifua au bega ili aliye nyuma auone, na kidole kibaki juu hadi hoja hiyo iishe. Ukikishusha mara tu baada ya kusema "kwanza," hesabu imekufa.

4. Uwahi wakati

Kama utachukua hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Adam Kendon, mtafiti mwingine wa ishara, alionyesha kwamba ishara ina sehemu zake: mkono hujiandaa kwa kupanda kutoka makaoni, hufika kileleni ambapo maana inatendeka, unaweza kushikiliwa hapo, kisha hurudi. Katika mazungumzo ya kawaida kilele hufika pamoja na neno lake au kidogo kabla yake. Ni nadra sana kuchelewa. Ndiyo maana ishara iliyokaririwa hugundulika mara moja: neno limekwisha kupita, na mkono ndio kwanza unakuja.

Jaribu. Sema: "Maji yalipanda hadi hapa." Mkono uanze kuondoka kwenye "yalipanda" na utue usawa wa kifua pamoja na "hapa." Sasa rudia kwa kukosea makusudi: malizia sentensi yote, halafu inua mkono. Unaona mwenyewe jinsi inavyogeuka kuwa maigizo. Rudia njia sahihi mara kadhaa, kisha jaribu na sentensi zako ulizopigia mstari. Kanuni ni kuanza kujiandaa mapema, kabla ya neno unalolilenga.

Sehemu ambayo wengi huiruka ni kushikilia. Mkono umefika kifuani kuonyesha kina cha maji, na papo hapo unaanguka. Uache. Sema sentensi inayofuata mkono ukiwa bado hapo: "Na watoto walikuwa bado ndani." Mkono uliosimama unaendelea kusema kina kile kile huku mdomo ukisema jambo jipya, na mambo mawili yanasikika kwa pamoja. Wazo likiisha, ndipo mkono urudi, taratibu. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma katika karne ya 1, aliwasifu mabingwa waliomtangulia kwa kufundisha kwamba mkono uanze pamoja na wazo na utue pamoja nalo. Sijaona kanuni bora zaidi tangu hapo.

5. Pima ukubwa

Kuna ishara za kifundo cha mkono, za kiwiko na za bega. Mezani na watu wanne, kifundo na kiwiko vinatosha. Katika ukumbi mkubwa, ishara lazima ianzie begani, kwapa likifunguka, la sivyo aliye mwisho anaona mtu anayepepesa vidole. Watu wengi wakisimama mbele ya ukumbi hufanya kinyume: wasiwasi hubana viwiko ubavuni na mikono hubaki ikicheza mbele ya tumbo. Ukijisikia hivyo, fungua kwapa kwanza, mengine yatafuata.

Kuhusu mipaka, mabingwa hao hao wa Roma walikataza mkono kupanda juu ya macho au kushuka chini ya kifua. Kwa mazungumzo ya leo ningeshusha mpaka wa chini hadi kitovuni. Juu ya macho pitia mara moja moja tu, kwa jambo linalostahili kweli.

Katika mkutano wa video eneo lako la kazi ni fremu ya kamera. Rudi nyuma hadi mabega na sehemu ya kifua vionekane, kisha inua mikono ifike ndani ya fremu. Ishara iliyo chini ya ukingo wa skrini haipo. Kinachoonekana ni mabega yanayotikisika bila sababu. Usisukume mkono kuelekea kamera, kwa kuwa lenzi ya karibu huukuza mpaka ukafunika uso. Punguza kasi pia, maana intaneti ikiwa dhaifu mwendo wa haraka hukatikakatika. Na angalizo: programu nyingi za mikutano hukuonyesha wewe mwenyewe kama kwenye kioo, lakini wengine hawakuoni hivyo. Ulichokiona upande wa kushoto wa skrini yako, wao wanakiona kulia. Ukipanga watu au wakati hewani, panga kwa ajili yao.

6. Mwili uliobaki

Macho yana nguvu usiyoitegemea: ukiutazama mkono wako, wasikilizaji nao hushawishika kuutazama. Tumia hilo kwa ishara moja unayotaka wasiikose, si kwa zote. Wakati mwingine wote macho yawe kwa watu.

Uso usishindane na mkono. Ukisema habari ni nzuri na viganja vimefunguka huku uso umekunjamana, watu watauamini uso.

Tembea unapohama kutoka hoja moja kwenda nyingine, kisha simama na useme ukiwa umesimama. Hatua moja mbele kabla ya jambo zito inatosha. Kiwiliwili kimwelekee unayesema naye, miguu pia, si shingo peke yake.

7. Ondoa kinachosumbua, kimoja kimoja

Rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza. Chagua tabia moja. Kama ni kalamu, iache mezani. Kama ni pete, ivue kabla ya kusimama. Kama ni funguo au sarafu mfukoni, zitoe. Tabia isiyotegemea kitu, kwa mfano kugusa pua, haiondoki kwa kujikemea; ukijiambia "usiguse pua" utafikiria pua. Inaondoka mkono unapopewa kazi au makao. Kila unapohisi mkono unapanda usoni, upeleke kwenye ishara ya sentensi unayosema au urudishe tumboni.

Mikono ikitetemeka, usishike karatasi moja nyembamba, kwa kuwa itaukuza mtetemeko. Tumia kadi ngumu au weka maandishi mezani. Na usiifiche mikono: mkono unaotembea hauonekani ukitetemeka kama uliosimama hewani. Anza na ishara kubwa mapema, kwenye sentensi ya kwanza au ya pili.

Mwenye kipaza sauti mkononi, mwenye mkongojo, mwenye mkono mmoja: yote yaliyosemwa hapa yanawezekana kwa mkono mmoja. Kinachobadilika ni kwamba upande huu na upande ule utavionyesha kwa zamu, na kichwa kitasaidia kuelekeza.

8. Jua ishara zenye maana ya kudumu

Ishara zote tulizozitaja huzaliwa na maneno yanayozungumzwa. Zipo nyingine ambazo zina maana hata kinywa kikifungwa, kama dole gumba lililoinuliwa au vidole viwili vya ushindi. Hizo hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine. Uingereza, vidole hivyo viwili vikionyeshwa mgongo wa kiganja ukiwa nje ni tusi. Bulgaria, kichwa kinachoinama kinaweza kumaanisha hapana. Ukizungumza na watu wa mataifa mengi, ziache kabisa. Hutapungukiwa. Vilevile usimnyoshee mtu kidole. Mwelekeze kwa kiganja kilichofunguka.

Usichanganye pia ishara hizi na lugha za alama wanazotumia viziwi. Mwanaisimu William Stokoe alionyesha mwaka 1960 kwamba lugha ya alama ya Marekani ina muundo wake kamili kama lugha nyingine yoyote, na vivyo hivyo kwa lugha za alama duniani. Kama kuna mkalimani wa alama karibu nawe, usibuni alama zako za kumsaidia. Usimkinge tu, na usiongee mbio.

9. Fanya mazoezi bila kukariri ishara

Usisimame mbele ya kioo ukipanga kwamba kwenye neno la ishirini mkono wa kulia utapanda. Utakuwa na mambo mawili ya kukumbuka, na ishara zitachelewa. Fanya hivi: soma maelezo yako hadi uyaelewe, weka karatasi kando, kisha yaseme kwa sauti ukiwa umesimama na mikono huru. Yaseme tena kwa maneno tofauti kidogo. Mikono itaanza kutafuta yenyewe, na ishara zitakazojirudia kila mara ndizo zako.

Mikono ikigoma, kaa juu ya viganja vyako na ueleze kwa dakika nzima jinsi ya kufunga kamba za viatu. Kisha iachilie na ueleze tena. Tofauti utaisikia hata kwenye ulimi. Goldin-Meadow na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watu walioeleza hesabu wakitumia ishara walikumbuka vizuri zaidi orodha waliyopewa kushika kichwani kuliko waliozuiwa kuzitumia. Mkono unakubebea sehemu ya mzigo wa akili. Neno likikupotea katikati ya hotuba, usigande. Acha mkono uendelee na umbo la kile unachokitafuta, na mara nyingi neno hulifuata.

Jirekodi tena baada ya siku chache, kitu kile kile, na utafute jambo moja tu la kurekebisha. Nami ningekushauri uanze na kushikilia.

10. Wakati wa maswali

Mtu anapouliza, rudisha mikono makaoni na uiache huko hadi amalize. Mkono unaoinuka katikati ya swali humwambia akomee hapo, hata kama hukukusudia. Itikia kwa kichwa mara moja moja, si mfululizo, maana kuitikia kwa haraka humharakisha. Tazama mikono yake pia: akipanga mambo mawili hewani, moja kulia na moja kushoto, jibu lako liyaonyeshe pale pale alipoyaweka. Ukimaliza kujibu, geuza kiwiliwili kuelekea wengine, kiganja kikiwa wazi na kimeelekea juu, nyosha mkono kuelekea upande ambao bado haujauliza, na uushikilie hapo hadi mtu aanze kusema.